Matuta ya Matikiti

Siku ya kwanza ya masomo, mzee alikuja chuoni kumsindikiza binti yake tu, wala hakuwa na nia ya kuingia darasani. Alisimama nje ya dirisha, kofia mkononi, akitaka kuhakikisha kwamba kiti alichopewa mwanawe kina miguu yote. Mwalimu alikuwa akieleza kwa nini mkulima anaweza kuvuna vizuri na bado akarudi nyumbani mikono mitupu. Mzee akasikiliza, akakuna kichwa, akauliza swali kupitia dirishani. Mwalimu akalijibu. Akauliza jingine, na jingine tena, mpaka mwalimu akaweka chaki chini.

"Mzee wangu, ama uingie ukae, ama uende zako nyumbani. Mimi sifundishi dirisha."

Darasa likaangua kicheko. Mzee akaingia, akakaa kiti cha mbele kabisa, na tangu siku hiyo akawa mwanafunzi wa biashara ya kilimo kama wengine. Jina la Mzee Dirisha likamganda, naye hakulikataa.

Binti yake aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma alitamani ardhi ipasuke. Nyumbani walimwita Kitinda kwa sababu ndiye kitindamimba, ingawa alikuwa amekwisha kuwa mwanamke mzima, mwenye mikono migumu na maneno machache. Mapumziko yalipofika alimfuata mzee uani akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, sasa utakuwa unakuja kila siku?"

"Hapa hakuna baba," mzee akamjibu bila kucheka. "Baba nimemwacha nyumbani anakamua ng'ombe. Hapa mimi ni mwanafunzi mwenzio. Ukitaka kuniuliza kitu, niulize kama unavyomuuliza mwingine yeyote."

Alilisema kwa utani, lakini alikuwa mtu wa kushika neno lake. Darasani Kitinda aliwahi kumsahihisha hesabu ya mbolea mbele ya watu, naye akafuta yake akaandika ya binti bila kinyongo. Wakishavuka lango la chuo jioni, mambo yanarudi kama yalivyokuwa: yeye mbele, binti nyuma, na neno la mwisho ni la baba.

Chuo chenyewe kilikuwa chuo cha jamii, majengo mawili ya matofali nyuma ya ghala la mbegu. Waliosoma pale walikuwa watu wazima wenye kazi zao: mfugaji wa kuku aliyekuwa akisinzia kila mchana, akina mama wa kikundi cha maziwa, na Muuza Pumba, jamaa mnene wa duka la chakula cha mifugo, ambaye hakuna jambo lililopita bila yeye kulitilia mzaha. Mwalimu alikuwa mama mfupi aliyekwisha kufanya kazi benki miaka mingi, akikaa nyuma ya meza na kuwasikiliza wakulima wakiomba mikopo. Alisema aliacha kwa sababu alichoka kuwakataa watu ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kujieleza.

Kitinda alikuwa na sababu yake ya kusoma, na sababu hiyo ilikuwa na ukubwa wa kipande kimoja cha ardhi.

Familia ilikuwa na mashamba ya juu, yenye mawe, yanayotegemea mvua. Na ilikuwa na shamba la mtoni. Hilo lilikuwa na udongo mweusi usio na jiwe, na maji hayakauki hapo hata jua likiwaka vipi. Lilikuwa shamba la kaka yake, kifungua mimba. Baba alimkabidhi siku alipoona kijana amekuwa mtu, na kijana akaapa kuwa atalima matikiti ambayo watu watayafuata wenyewe kwa miguu. Alikata kijiti cha kupimia nafasi kati ya tuta na tuta, kirefu, maana mitikiti hutambaa, akapiga matuta shamba zima kwa mkono. Mbegu alikwisha kuziloweka kikombeni. Ndipo homa ikamshika. Hakumaliza hata wiki. Walipotoka kumzika walikuta mbegu zimeotea kikombeni, na mama ndiye aliyezimwaga nyuma ya jiko.

Tangu hapo hakuna aliyepanda kitu pale. Hilo tu lingeeleweka, kwa kuwa watu wengi huacha shamba la marehemu lilale kidogo. Lakini mzee hakuliacha lilale. Kila msimu, mvua zikiyabomoa yale matuta, alishuka mtoni na jembe lake na kile kijiti cha mwanawe, akayainua upya, pale pale yalipokuwa, kwa upana ule ule. Aling'oa magugu, alisafisha mfereji. Kisha akapanda juu nyumbani, akatundika kijiti bandani, akanyamaza mpaka msimu mwingine. Shamba bora kuliko yote kijijini lilikuwa tayari muda wote, na halikupata hata mbegu moja. Jirani aliyewahi kumuuliza alijibiwa, "Mwenyewe hayupo," kana kwamba mwenyewe kaenda sokoni mara moja.

Hakuwahi kusema kwamba mwanawe amekufa. Siku ya maziko alisema "ametutoka." Baadaye akasema "hayupo." Neno lenyewe alilikwepa kabisa, na mama na Kitinda walijifunza kulikwepa pamoja naye.

Sasa mpishi mkuu wa hospitali ya wilaya alikuwa akitafuta mtu wa kumletea karoti mwaka mzima, mvua na kiangazi. Alikuwa ameziona karoti ambazo Kitinda alizilima nyuma ya nyumba kwa maji ya ndoo, akazivunja, akazinusa, akasema, "Ukinipa hizi bila kukatika, nakuchukua wewe." Ila alitaka jibu kabla mwezi haujaisha, kwani kulikuwa na wengine wanaoitafuta nafasi hiyo. Mashamba ya juu yasingeweza. Ni mtoni au basi. Na ikiwa basi, Kitinda alikwisha kuamua kwenda mji wa mbali ambako binamu yake alimtafutia kazi ya kufungasha maua. Hakuipenda kazi hiyo hata chembe. Alipenda udongo wa kwao, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Alijaribu kumwambia baba. Asubuhi moja, wakiwa zizini, alianza, "Baba, lile shamba la mtoni..."

"Limeshapigwa matuta," mzee akasema, macho kwenye ndoo ya maziwa.

"Najua. Nilikuwa nafikiri kwamba..."

"Limeshapigwa matuta, mwanangu."

Akainuka na ndoo yake akaondoka. Alipomwendea mama, mama alikuwa akipepeta maharage na hakuinua uso. "Mwache baba yako," akasema. "Mimi mwenyewe hapo sipagusi."

Wiki iliyofuata mwalimu alifundisha gharama ya fursa, akafafanua kwamba ni kile unachokikosa kwa sababu umechagua kingine. "Mnadhani shamba mlilolipanda vibaya ndilo linalowatia hasara peke yake," akasema. "Na lile ambalo hamkulipanda? Hilo nalo lina gharama, ila haipigi kelele." Mzee aliyaandika maneno hayo taratibu, kama alivyoandika kila kitu. Nyuma yake, Kitinda aliutazama mgongo wa baba na ile kola iliyochakaa. Mzee akageuza ukurasa.

Muhula ulipokaribia mwisho ikaja kazi ambayo mwalimu aliiita benki. Meza moja, viti viwili, mbele ya darasa. Mmoja ni mkulima, anaomba mkopo kwa shamba lake la kweli, si la kubuni. Mwingine ni afisa, na afisa ana haki ya kuuliza chochote kuhusu shamba hilo. Mkulima lazima ajibu, na ajibu kweli. Mwisho afisa anasimama, anatamka kwa sauti kama amekubali au amekataa, na kwa nini. Mkulima naye anasimama, anampa mkono, anasema asante, hata kama kakataliwa.

"Hasa kama umekataliwa," mwalimu akasema. "Nimeona wazee wazima wakipindua meza."

Wenye zamu ya uafisa waliokota majina ya wakulima wao kwenye kofia ya Muuza Pumba. Kitinda akafungua karatasi yake, akaisoma, akaikunja tena. Mwalimu alimwona.

"Nani?"

"Mzee Dirisha."

Darasa likapiga makofi, Muuza Pumba akapiga mluzi. Mwalimu akasema, "Hapana, rudisha uokote mwingine. Mtu hawezi kumkagua baba yake."

Mzee alikwisha kusimama, anavuta kiti. "Mwalimu, hapa hakuna baba. Nilisema tangu mwanzo. Afisa na akae."

Afisa akakaa. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, hata watu wakacheka. Aliuliza kuhusu ng'ombe, mzee akajibu. Aliuliza kuhusu mahindi ya juu na kwa nini hupanda mbegu ile ile kila mwaka, mzee akajitetea, akabanwa, akakubali kwamba ni mazoea tu. Muuza Pumba akadakia kwamba afisa huyu ana meno, na asingependa kukutana naye benki ya kweli. Kitinda alikuwa anafika mwisho. Angeweza kusimama, akasema ombi limekubaliwa, wakapigiwa makofi, wakarudi nyumbani. Alikwisha kuweka viganja mezani ili ainuke.

Lakini alikuwa afisa, na afisa yeyote mwenye akili angeuliza.

"Una shamba jingine," akasema. "La mtoni."

Mzee akamtazama. "Ninalo."

"Lina maji?"

"Mwaka mzima."

"Limepandwa nini?"

"Limepigwa matuta."

"Sikuuliza hivyo. Limepandwa nini?"

"Halijapandwa. Linasubiri."

"Linasubiri nini?"

Mzee akaipapasa kofia yake iliyokuwa mapajani. "Mwenyewe."

Mtu mmoja akacheka kidogo, akidhani ni mzaha, kisha akaona nyuso za wale wawili na akanyamaza. Hata mfugaji wa kuku alikuwa macho. Mwalimu akasogea. "Tuishie hapo. Inatosha, mmefanya vizuri."

"Mwache afisa aulize," mzee akasema. "Ndiyo kazi yake."

Kitinda alijua kwamba swali lililobaki halina njia ya kurudi. Nyumbani lisingetoka kinywani mwake, hata kwa dawa. Hapa alikuwa na meza na kiti, na haki aliyopewa na baba mwenyewe.

"Mwenyewe yuko wapi?" akauliza.

Nje, mtu alikuwa akipakua magunia ya mbegu, na kila gunia lilisikika likitua. Mzee aliiweka kofia mezani. Kitinda alitaka kusema basi, baba, yaishe, na hakusema, na mpaka leo hajui ni ujasiri au ni ukatili uliomzuia.

"Amekufa," mzee akasema.

Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu neno la lugha ya kigeni. Kisha akalirudia, safari hii kwa mwalimu na kwa darasa zima. "Mwanangu mkubwa. Amekufa. Alikuwa amemaliza kupiga matuta, anataka kupanda. Kila msimu nayainua ili akija asikute nimemharibia kazi. Najua haji. Mimi si mwendawazimu. Mikono ndiyo haijui."

Akina mama wa maziwa walikuwa wakijifuta macho kwa khanga zao. Muuza Pumba alikuwa ameinamisha kichwa.

Kitinda akasimama, maana ndiyo ilikuwa kanuni, na pia kwa sababu akiendelea kukaa angelia, na hakutaka kulia akiwa afisa.

"Ombi lako limekataliwa," akasema. "Si kwa kuwa hujui kazi. Kazi unaijua. Limekataliwa kwa sababu shamba lako bora unamlimia mtu asiyeweza tena kulipanda. Na yupo mtu anayeweza, anakula kwako kila siku, na hujawahi hata kumuuliza."

Mzee aliinuka taratibu, akishika ukingo wa meza. Akampa mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kizito, na hakikumbana.

"Asante, afisa," akasema.

Walirudi nyumbani, yeye mbele, binti nyuma, kama kawaida. Kitinda aliutazama ule mgongo njia nzima akajiona mtoto mbaya kuliko watoto wote waliowahi kuzaliwa. Alimdhalilisha baba mbele za watu. Alimnyang'anya ile "hayupo" ndogo aliyokuwa akijifunika nayo. Na kwa nini? Kwa ajili ya karoti! Walipofika, mzee alipita moja kwa moja hadi chumbani, hakugusa chakula, akafunga mlango.

Kitinda akamkuta mama jikoni akamweleza yote, hakujiachia upenyo wa kujitetea. Alitegemea kugombezwa. Mama alisikiliza, mwiko mkononi, na Kitinda alipofika pale penye neno lenyewe, mama akamkatiza.

"Alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Mara mbili, mama."

Mama akakaa juu ya kigoda. Akashika tama. Machozi yakamtoka yenyewe, bila sauti, yakawa mengi, na alipoweza kusema alisema, "Miaka yote hii nalia peke yangu, Kitinda. Ningelia naye vipi, na yeye anasema mtoto hayupo tu? Nilizimwaga zile mbegu, na sikuwahi kumwambia hata nilizimwaga wapi."

Aliuweka mwiko chini, akajifuta kwa upindo wa khanga, akaenda kugonga mlango wa chumbani. Ukafunguliwa. Kitinda alifunika sufuria, akaosha vyombo vyote, hata vilivyo safi, ili asisikie kinachoendelea ndani. Alisikia hata hivyo. Walikuwa wanalia pamoja, wazee wake wawili, na baba alikuwa akimwita kaka kwa jina lake.

Asubuhi aliamka akiwa ameamua. Angemwandikia binamu yake kwamba anakwenda. Baada ya maneno kama yale, aliona hana uso wa kuomba ardhi, na mtu aliyemfanya baba yake alie hawezi tena kuketi naye mezani akadai shamba. Alikwenda zizini akakuta ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Bandani, jembe la baba halikuwepo. Akainua macho kwenye boriti, na kile kijiti kirefu hakikuwepo pia.

Kumbe mzee kashuka tena mtoni kuyainua matuta! Kwa hiyo jana haikubadili kitu.

Akashuka kwa haraka, umande ukimlowesha miguu. Mzee alikuwa amesimama upande wa juu wa shamba. Matuta yalikuwa mbele yake, yamenyooka, mapana, mazuri, kama siku kaka alipoyaacha. Kile kijiti cha zamani alikuwa amekichomeka ardhini pembeni, kwenye kona ya shamba, wima, na kukishindilia kwa mawe ya mtoni ambayo hayakuwepo awali. Mkononi alishika panga na ufito mbichi, mrefu, uliokatwa punde, bado una majani.

Hakugeuka. Alimjua kwa hatua zake.

"Hizo karoti zako," akasema, "mstari na mstari zinataka nafasi gani?"

Kitinda akasogea hadi ukingoni mwa tuta la kwanza.

"Nauliza kwa sababu sijui," mzee akasema. "Mimi sijawahi kulima karoti." Akamnyooshea ufito na panga, mpini ukiwa upande wa binti. "Kata kipimo chako."

Akavipokea. Aliuweka ufito juu ya goti, akapima kwa shibiri, akakata. Kilichobaki mkononi kilikuwa kifupi sana ukikilinganisha na kile cha kaka kilichosimama kwenye kona. Mzee alikitazama, akakigeuza huku na huku.

"Kifupi hivi?"

"Karoti hazitambai, baba."

"Haya."

Alimrudishia. Kisha akalishika jembe kwa mikono miwili, akasimama juu ya tuta la kwanza. Machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi na hakuyafuta. Halafu akaliinua jembe, akalibomoa tuta.

"Njoo," akasema, akihema. "Usiniache peke yangu. Ni mengi."